Watoto Hawahesabiwi

Juzi nilikuwa nikifua sare ya binti yangu, jiwe likaponyoka mfukoni na kugonga beseni. Lilikuwa dogo, jeusi, la kutupwa. Nililigeuza mkononi huku povu likinitiririka hadi viwikoni, na moyo ukaanza kunienda mbio kana kwamba nimepoteza mtoto sokoni. Usinicheke, rafiki yangu. Ungelelewa nyumbani kwetu pale Waithaka, nje kidogo ya mji, miaka ile ya sabini, nawe ungeshtuka.

Baba alikuwa mchora ramani katika ofisi moja mjini. Kutwa nzima alipaka rangi mahali palipo na mawe ambayo hakuwahi kuyaona: zambarau kwa mawe haya, kijani kwa mawe yale. Jioni alishuka basi Dagoretti Corner na kutembea hadi nyumbani, wino umemkaukia vidoleni. Siku moja alirudi na wazo. Likizo ya Agosti tungeteremka bondeni, upande wa Naivasha, tukatafute mawe meusi yang'aayo kama kioo cha chupa. Tungekwenda sote, pamoja na binamu zetu waliokuja kulala kwetu kila likizo. Jirani aliyepeleka maziwa kwa pikapu alikubali kutuendesha Jumapili moja.

"Watoto waisome dunia kwa mikono," baba alisema.

Nyanya, mama yake, alikuwa uani akipura maharagwe. Hakuinua uso. "Huko bondeni kuna fisi?"

"Mama, tutakwenda mchana."

"Nimeuliza fisi, sikuuliza saa."

Basi wasiwasi ukaingia nyumbani kama baridi ya Julai, ukakataa kutoka. Mama alichemsha maji ya safari mapema mno, akayamwaga, akachemsha mengine. Harufu ya mahindi yaliyokuwa yakichemka jikoni, ambayo siku zote ilinifurahisha, sasa ilinifukuza nje. Hofu yetu sote ilikuwa moja: kitinda mimba wetu. Alikuwa mvulana pekee kwetu, na kwa kuwa alipewa jina la babu, nyanya alimwita "mume wangu". Mume huyo alifuata chochote kinachotembea: kuku, toroli, hata msafara wa harusi ya watu asiowajua.

"Msiogope," baba alisema. "Kila tukisimama nitahesabu vichwa."

Fimbo ya nyanya ikasimama hewani. "Utahesabu nini?"

"Watoto, mama."

"Watoto wangu si magunia ya viazi. Ukimnyooshea mtoto kidole na kumpa nambari, umekionyesha kifo mahali alipo."

Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Watu hawakuhesabiwa, hata ng'ombe hawakuhesabiwa kwa sauti. Baba, pamoja na shule yake na tai yake, aliuliza afanyeje basi. Nyanya ndiye aliyetoa shauri: kila mtoto aokote kijiwe chake uani na kukitia katika kiondo, kikapu cha kusukwa, tukiondoka. Wakati wa kurudi, kila mmoja atoe chake. Kikibaki kijiwe, kuna mtoto aliyebaki.

Tukafanya mazoezi kila jioni, kuku wakipanda kulala.

"Hicho chako kikubwa kama kichwa chako," binamu yetu mkubwa aliniambia. Alikuwa msichana mwenye mdomo usiochoka.

"Na chako kinanuka kama soksi zako."

Tulicheka, lakini jioni moja kijiwe kimoja kilibaki. Tulimkuta kitinda mimba katika zizi la jirani, akimfuata ndama huku na huku. Nyanya alimshika mashavu. Mama akasema safari ife papo hapo. Baba alimsihi hadi akalegea, nami nikaenda nyuma ya nyumba kumwomba Mungu alete mvua ya kukata barabara.

Mvua haikunyesha. Jumapili ile tulishuka bondeni tumeshikana mikono nyuma ya pikapu, upepo ukitujaza vumbi mdomoni. Na mawe yalikuwapo! Yalitapakaa chini kama usiku uliovunjika vipande. Baba aliyaokota, akayabusu, akasahau kwamba yeye ni mtu mzima. Mikono yetu ilipojaa tukayatia katika kiondo, kile kile, maana hatukuwa na kingine. Na kilipojaa, kuna walioona busara kutupa vile vijiwe vibaya vya nyumbani ili kupata nafasi ya vizuri.

Jua lilipoanza kuinama, baba alikimimina kiondo. Likamwagika rundo jeusi. Watoto walikuwa wakikimbizana huku na huku, wengine nyuma ya gari, wengine chini yake, hakuna aliyeweza kusema nani yupo. Baba akainua kidole. "Mmoja, wawili..."

Nyanya alikishika kile kidole, akakikunja. "Kaeni mle chakula," alisema.

Mama alianza kulia. Kula, saa ile! Lakini tulikaa. Nyanya akafunua sufuria ya irio, viazi, mahindi na mboga vilivyopondwa pamoja, na kupakua kama alivyopakua nyumbani, bila kututazama: laini kwa binamu mwenye jino bovu, kidogo kwa dada mwenye maringo, yangu bila mboga nyingi. Kila sahani ilipata mkono wake. Kisha akaviringa donge, duara kama mpira, akanyoosha mkono. Hakuna aliyelipokea.

"Mume wangu," alisema.

Tulitawanyika tukiita. Nyanya alitembea na lile donge mkononi, akiita kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Tulimkuta kitinda mimba katika kijibonde, akitambaa kwa magoti nyuma ya kobe.

"Umenifedhehesha, mume wangu," nyanya alimwambia. "Umeniacha kwa ajili ya kobe!" Jirani akacheka, sisi tukacheka. Nyanya akaketi chini, ikabidi baba na jirani wamwinue.

Baba hakupanga safari nyingine. Nyanya alipofariki tulimzika nyuma ya nyumba, na baada ya miaka mashamba ya pale Waithaka yakaanza kukatwa vipande, vipande vikaota nyumba za kupangisha. Siku hizi ukoo wetu hukutana kwa kitinda mimba, ambaye ana nyumba Lavington, yenye ukuta na mlinzi. Chakula ni kingi, hupangwa juu ya meza ndefu, na kila mtu hujipakulia apendacho. Hakuna anayejua tena nani hali nini.

Mara ya mwisho tulikula, tukanywa chai, tukapiga picha. Tulikuwa tumeshaagana langoni ndipo mtu mmoja akauliza kuhusu yule binamu yetu mwenye mdomo. Tukampigia simu. Alikuwa amelazwa hospitalini tangu wiki iliyotangulia.