Bi Mwakani

Bernadine Jaskulski alikuwa mtu wa kuweka. Friza lake la ghorofa ya chini lilijaa supu na soseji hadi ilibidi mumewe akikalie kifuniko ndipo kifunge. Sahani zake za harusi hazikuwahi kupakuliwa chakula. Zilikuwa zikingoja wageni wa maana, na sisi wengine tuliozoea kula kwake tukajua kundi letu.

Alipopewa unahodha wa timu ya mpira wa kikapu ya parokia yao, kusini mwa Milwaukee, katika ligi ya wanawake waliovuka sitini, hakubadilika hata chembe. Kila vuli wachezaji wapya husimama ukumbini chini ya kanisa, na manahodha huwachagua kwa zamu. Nahodha anayetaka kushinda mapema anaweza kumpa nahodha mwenzake zamu zake za kuchagua za mwaka ujao, akapewa mchezaji ambaye kila mtu anajua anachoweza. Bernadine hakutoa zamu hata siku moja. Yeye alizikusanya. Wafungaji wake wazuri aliwaachia wengine ili apate zamu, na kila alipofungwa alisema, "Ngojeni mwakani." Wakambatiza Bi Mwakani. Zamu moja aliyoitunza kama yai ilimpatia muuguzi mstaafu, mrefu ajabu, ambaye kumbe aliogopa mpira.

Sasa Marlys Hoefler, nahodha wa parokia jirani, alikuwa tayari kumwachia Dolores Kuehn, mwalimu wa michezo mstaafu, anayefunga kutoka pembeni huku akipiga soga. Alichotaka ni zamu za kwanza za Bernadine, ya mwakani na ya mwaka utakaofuata.

Biashara hizo hufanywa Ijumaa, parokia inapokaanga samaki. Anayetoa mchezaji humwekea mwenzake kipande chake cha mkate mweusi. Ukikiuma, umekubali, na hakuna kurudi nyuma.

"Haya bibie, mkate huo," Marlys alisema, akauweka kwenye sahani ya Bernadine.

"Dolores ana goti bovu."

"La kwako zima? Tunauziana mpira hapa au magoti?"

Meza nzima ikacheka. Bernadine hakucheka. Alikuwa na habari zake.

"Kuna yule mama wa posta," alisema. "Anafikisha sitini mwezi wa nne. Mmemwona urefu wake? Nikikaa na zamu yangu, mwakani ni wangu."

"Na muuguzi je, hakuwa mrefu?"

Pembeni ya Bernadine alikaa Arlene Pfister, shoga yake tangu darasa la kwanza. Wamecheza pamoja maisha yao yote na kombe hawajawahi kuligusa. Arlene alikuwa ameshampa dalali nyumba yake aiuze. Binti yake kule Arizona alimwandalia chumba, na baada ya Pasaka, msimu ukiisha, angehama. Kila mtu aliijua habari hiyo. Bernadine pia aliijua, ila hakuwahi kuizungumza.

Samaki wakaletwa. Huku mawazo yake yakiwa posta, Bernadine akachukua kisu na kuupaka ule mkate siagi.

"Kapaka siagi!" Marlys alipiga kelele. "Mashahidi mpo!"

"Kupaka si kuuma!" wengine wakajibu.

Ugomvi ukapamba moto. Ikabidi aitwe padri, aliyekuwa akigeuza samaki kwenye mafuta. Akasikiliza pande zote mbili, akapangusa mikono kwenye aproni.

"Mimi husamehe dhambi," alisema. "Siagi simo."

Arlene akamwinamia rafiki yake. "Mrudishie tu, Bernie. Yule wa posta atakufaa sana."

Bernadine akabaki na kisu mkononi. Atakufaa. Miaka yote hiyo, kila mchezaji mpya, Arlene alisema "atatufaa". Hata kwa yule muuguzi alisema hivyo, maskini, akaamini. Leo amejitoa kwa neno moja, kwa upole, asimsumbue mtu.

Bernadine akauma mkate. Akautafuna wote pamoja na siagi yake, Marlys akipiga makofi.

"Bernie!" Arlene alishtuka. "Umefanya nini? Ulizitunza zamu miaka yote hiyo! Sasa mwakani utabaki na nini?"

"Sijui." Alikuwa akilia waziwazi, mbele ya parokia mbili, makombo kidevuni. "Nilikuwa nikiweka, nikiweka, na kila nikiiwaza hiyo mwakani, Arlene, wewe ulikuwa umo."