Mkebe wa Karata za Kukhu

Wiki jana nilinunua pakiti mpya ya karata sokoni Matete, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshaamua zitalala wapi: ndani ya mkebe wa biskuti, zimefungwa kitambaa cha pamba, kando yake kipande cha makaa cha kunyonya unyevu. Rafiki zangu hunicheka. Eti karata ni za kuchezwa, si za kulelewa! Nawaacha wacheke. Wao hawakukaa na kukhu, bibi yangu wa Mayoni.

Enzi hizo, rafiki yangu, miwa ilitufikia mpaka mlangoni. Honi ya kiwanda cha sukari ilituamsha, harufu ya molasi tukalala nayo. Mhandisi mmoja wa kigeni, ambaye kukhu alikuwa akimfulia nguo, alipomaliza kazi ya mitambo alimwachia pakiti mbili za karata. Tangu hapo kila aliyesafiri alimletea nyingine. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya tarot, zile ambazo watu wa nje husomea bahati. Kukhu hakumsomea mtu bahati. Alisoma picha tu, jioni, akingoja maji ya obusuma, ugali wetu, yachemke, sisi tukimeza mate kwa harufu ya ingokho, kuku wa kienyeji. Kulikuwa na mnara unaopigwa na radi. Kila akiufikia alisema, "Huyu aliyechora alipitia Kakamega, kwenye radi zetu."

Kuzigusa kulikuwa na masharti. Unanawa, unakausha mikono, unamwonyesha viganja kama mbele ya mwalimu. Zikianza kugandana, alizipaka poda ya mtoto, akazifuta moja moja. "Kitu kizuri hakiozi chenyewe," alituambia. "Kinaozeshwanga na mwenyewe."

Msimu mmoja mvua ikazidi, mkebe wa biskuti alimoziweka ukashika kutu. Kukhu akafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angefanya: akachukua ule mfuko wa nailoni unaokaa ndani ya gunia la sukari. Kwetu mfuko huo ulikuwa jalada la vitabu, koti la mvua, hata kiraka cha paa. Akauosha, akaukausha, akafungia karata zake zote. Lakini utamu ulibaki kwenye pindo. Wiki hiyo mvua ikapumzika, shamba la miwa la nyuma likachomwa ili wakataji waingie, na sisimizi waliokimbia moto wakaja kwetu mbio kama walioalikwa.

Kukhu alipouvuta mfuko, ulikuwa mweusi na unatembea. Sijawahi kumwona ameshtuka vile. Akazikung'uta karata, akazitandaza kwenye ungo uani, zikiwa bado zina unyevu. Hapo upepo ukageuka, masizi ya miwa yakaanza kutuangukia. Ndani sisimizi, nje masizi, na picha zote za maisha yake katikati.

"Leteni shuka!" akapiga kelele. Mimi na binamu zangu wawili tukashika pembe tatu juu ya ungo. Ya nne ikaning'inia. Ng'ambo ya ua alikuwa amesimama mama jirani, mtu wa kanisa sana.

"Kukhu, si nilikuambia hizo ni vitu za shetani?"

"Shetani gani huyu anakulwanga na sisimizi? Kuja ushike pembe!"

Mama jirani alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Akaja, akashika. Mikono ilituuma, shuka jeupe likawa madoadoa kama ng'ombe, naye hakuacha kuchungulia chini. "Na huyu amening'inizwa mguu, alifanya nini?" Kuanzia siku hiyo hakukosa jioni hata moja ya kusomewa picha.

Karata zilipona. Chache zililiwa pembe, na sizi moja lilipenya, likatua juu kabisa ya ule mnara, kama moshi juu ya bomba la kiwanda.

Sasa kukhu hayupo. Honi imenyamaza, na shamba la nyuma ni mahindi matupu. Mkebe nimeachiwa mimi, na ninajua nitautunza vizuri. Siku moja nitakuwa na kabati zima la karata, mtakuja kuona. Kila karata naifuta kama alivyonifunza, isipokuwa mnara. Huo siugusi. Nikikumbuka Mayoni nautoa, nautazama kwa mbali kidogo, na hapo kileleni moshi bado unatoka.