Wiki Nilizokuwa Nyakach

Mume wangu tulimzika kwao Nyakach, mahali ambapo ziwa linaonekana ukiwa umesimama mlangoni. Kwa desturi ya boma lile, mjane haondoki mpaka wazee wamfungulie njia, kwa hiyo nilikaa. Asubuhi ukungu ulifunika maji, na ulipoondoka tuliona magugu maji yamehamia upande mwingine, shamba zima la kijani limetembea bila mtu kulisukuma. Nilikaa kwenye kigoda nikitazama. Mikono yangu ilishona kitu kisichokuwepo. Mara nyingine nilisikia cherehani za darasani kwetu, kule chuo cha ufundi Kisumu, zote pamoja, kama mvua ya mbali juu ya mabati, nikaamini niko kule nimeinamia kitambaa.

Niliporudi chuoni, mwenzangu wa mtaa wa Manyatta anayeshona karibu nami alinikumbatia, kisha akaninong'oneza.

"Nyar Seme, usiwe na wasiwasi. Tumekusainia rejista kila siku. Saini yako siku hizi ni nzuri kuliko ukiiweka mwenyewe."

Nyar Seme kwa Kijaluo ni binti wa kutoka Seme, kwetu, ndivyo wanavyoniita. Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Wiki hiyo hiyo akaja afisa wa mfuko unaotulipia karo. Anayehudhuria masomo hulipiwa, asiyehudhuria huondolewa, na mimi bila mfuko huo sina njia nyingine ya kusoma. Alitusimamisha mmoja mmoja, rejista mkononi.

"Mama, naona hukukosa hata siku moja," aliniambia kwa upole. "Ni kweli?"

Mwenzangu alinikanyaga mguu. Nilitaka kusema ndiyo, na neno lenyewe lilikuwa jepesi, maana zile cherehani nilizisikia kweli. Lakini nikafikiri: kama nilikuwa hapa, aliyekaa kando ya kaburi ni nani?

"Sikuwepo," nikasema. "Nilikuwa Nyakach, namwomboleza mume wangu."

"Na hizi saini?"

"Si zangu. Aliyeziweka namjua, lakini sitamtaja."

Afisa alifunga rejista, akanipa pole ya msiba, akasema muhula huu sitalipiwa. Niombe upya muhula ujao, nije na barua ya chifu. Habari ya saini hakuirudia.

Mwenzangu alinisindikiza hadi getini, amenuna, amenibebea mkasi.

"Wewe ni mgumu kusaidia, nyar Seme."

"Najua."

"Sasa utafanya nini mpaka muhula ujao?"

"Nitatafuta nguo za watu, nizitie viraka."

"Na cherehani huna."

"Nina sindano."

Akanipa mkasi wangu, akabaki amesimama pale getini mpaka nikavuka barabara.