Nyayo Chumbani mwa Shangazi

Hata leo nikisikia ufagio wa chelewa ukikwaruza uani, chwa, chwa, mwili hunisisimka. Wajukuu hunicheka. Ngojeni niwaambie, na maneno yangu yakipinda nivumilieni, maana mimi nilisoma chuo cha Kurani tu, tena sikuhitimu. Mwalimu alikuwa na fimbo ndefu kuliko subira yake.

Haya yalikuwa Bagamoyo, Wajerumani hawajatua bado. Alipita dalali akitafuta watu wa kwenda kisiwa cha miwa, mbali kusini: nauli bure, nguo juu yake, na shamba mtu akimaliza miaka yake. Shangazi Zuhura na mumewe wakakubali. Shangazi alikuwa na mimba changa. Walipopanda merikebu ya moshi, bibi yangu akafunga mlango wa chumba chao.

"Humu asifagie mtu mpaka ije habari kwamba wamefika."

Kwetu ndivyo: ukifagia nyayo za msafiri, umemfutia njia ya kurudi.

Miezi ikapita, kimya. Siku moja bibi yuko kisimani, nami kwa kutaka sifa nikafagia nyumba nzima, na chumba kile pia. Sakafu yake ilikuwa ya mchanga wa pwani, na nyayo za shangazi, zenye kisigino kipana, nikaziondoa zote. Ndipo nikakumbuka. Nikaingia tena, nikakanyaga huku na huku kuzirudisha. Lakini miguu yangu ilikuwa ya miaka sita.

Bibi akafungua, akainama juu ya nyayo zile.

"Mke mwenza," ndivyo alivyokuwa akinitania, "waona? Zuhura kajifungua. Mwanawe katangulia kuja kutuamkia."

Akaweka kikombe cha uji kizingitini. Sikuthubutu kusema. Upepo ulipozifuta nyayo, nilizikanyaga upya. Na ule uji nikaunywa mimi, Mungu anisamehe. Ulikuwa na tui zito.

Mwaka wa pili nikaugua surua, siku saba sikushuka kitandani. Siku ya nane bibi akanibeba hadi mlango ule, akaufungua. Palikuwa na nyayo mpya, ndogo kuliko zangu, za mtoto anayejifunza kwenda, kutoka kizingitini hadi kitanda cha shangazi. Hazikurudi.

"Waogopa nini?" bibi akaninong'oneza. "Si ndugu yako huyo?"

Shangazi hakurudi, wala habari yake haikufika mpaka bibi akafa.

Nilikwisha kuwa mtu mzima nilipomwona mama mmoja akimchezea mwanawe. Aligandamiza ubavu wa ngumi mchangani, akadonoa vidole vitano kwa juu, ukawa unyayo wa kitoto. Nikakaa chini nikalia. Kumbe zile nyayo ndogo alizichora bibi; alilijua kosa langu tangu siku ya kwanza, akalibeba pamoja nami, nisije nikakua nikidhani nimempoteza shangazi.

Hivyo ndivyo ninavyoamini. Ila kitanda kile kilikuwa mwisho wa chumba, na mchangani, kando ya nyayo zile ndogo, nyayo za bibi hazikuwapo.