Anachanganya Dawa ya Maumivu, Dada Yake Anakosa

Asubuhi, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, mama mmoja aliyevaa glavu anamimina unga mweupe wa mofini kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Anakoroga, anatia rangi ya kijani ili watu wasiichanganye na ile kali zaidi, inayotiwa rangi nyekundu. Hospitali nzima humwita Mama Kijani.

Chupa atakazojaza leo zitakwenda majumbani kwa wagonjwa wa saratani. Kwa dada yake zipo tayari, zimefungiwa kabatini.

Mganga hajigangi, walisema wahenga. Huyu dawa anayo. Ruhusa ndiyo hana.

Saratani ya dada imeingia uti wa mgongo. Daktari aliandika mofini, lakini kifunguamimba wa dada, kijana anayeilisha nyumba ile, akaitia dawa kufuli.

"Mama mdogo, hayo madawa ya kulevya," alisema. "Mama yangu hafi teja."

Mama Kijani amemweleza hadi mate yakamkauka. "Mishipa ya fahamu ina vipokezi, kama viti hivi," alimwambia. "Mofini ikikaa pale, habari ya maumivu inafika ubongoni imechoka. Viti viko mpaka tumboni, ndiyo maana choo kinafunga, tunampa na dawa ya kulainisha. Kwa kipimo cha daktari, teja anatoka wapi?"

"Nimekusikia, mama mdogo," kijana alijibu, akaondoka na ufunguo.

Inaudhi zaidi kwamba mapenzi anayo. Huja jioni na matunda, mama ameshaoshwa na kugeuzwa kitandani, kazi inayomuumiza kuliko zote. Mgonjwa naye hujikaza, anamuuliza habari za kazini. Kijana akitoka tu, mama anauma mto kwa maumivu.

Kwani hawezi kuchukua chupa moja kimyakimya? Mama Kijani anacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Ikipotea moja hapa, chumba kinafungwa. Wale wengine nao ni dada za watu."

Jumamosi kijana haendi kazini. Mama Kijani ameshamwita.

"Atamgeuza mamake kwa mikono yake mwenyewe, mimi nimesimama pale. Ufunguo atautoa, namjua."

Anakaza kizibo, anachukua chupa nyingine.

"Ila anayelipia somo ni dada. Nilimwomba ruhusa, akakubali. Nikamwambia, basi safari hii usimwonee haya mwanao. Piga kelele."