Siku Kumi na Mbili za Msoma Mita

Ukifika kwetu ukatafuta nyumba namba tatu, usiitafute karibu na namba mbili. Utaaibika. Namba mbili iko juu ya kilima cha magharibi, namba tatu iko bondeni kando ya kijito, na namba nne imerudi kilima cha mashariki, ukuta kwa ukuta na namba mia moja themanini na saba. Wageni wanadhani tuna wazimu. Sina la kuwajibu, ila kwamba nyumba zetu zilipewa namba kwa jinsi zilivyojengwa, si kwa jinsi zilivyopangana, na ukizifuata moja baada ya nyingine unakuwa umeisoma historia yetu yote kwa miguu.

Historia yenyewe si ya kujivunia. Palikuwa na reli, na treni za zamani zilisimama hapo kujaza maji. Mnyapara wa reli akajenga nyumba ya kwanza karibu na tangi. Wa pili alikuwa seremala, hasemezani na mnyapara, basi akajenga kilima cha pili, mbali kadiri alivyoweza, lakini mlango wake akauelekeza kwa adui yake ili amuone vizuri anavyomchukia. Wa tatu alikuwa shemeji yao wote wawili. Maskini ya Mungu akajenga katikati, bondeni, na kila masika maji yalimwingilia hadi uvunguni. Baada ya hapo kila aliyekuja alichagua upande, na karani wa baraza akawa anaandika namba kadiri nyumba zilivyoezekwa. Hakuna aliyemsahihisha hadi leo.

Halafu tukaja sisi, watu wa treni. Mjini kodi zilipanda, na manesi, makarani, walinzi na washonaji wa viwandani wakagundua kwamba viwanja vya huku ni rahisi na treni bado inasimama. Viwanja viliisha kabla mimi sijaanza shule. Nyumba ni mia mbili na kumi na mbili, na saa kumi na mbili kasorobo alfajiri zote zinajimwaga stesheni, watu wanatembea huku wanafunga vifungo. Jua likichomoza wamebaki kuku, wazee wachache, mbwa wanaobweka kwa wajibu tu, na shangazi yangu. Sisi wengine kwetu tunapajua kwa giza la kwenda na giza la kurudi. Mimi nimekaa miaka saba nikiamini geti la jirani yangu ni jeusi. Ni la kijani.

Shangazi ni msoma mita za maji. Ni mfupi, mpana wa mabega, na anavaa mabuti ya mpira masika na kiangazi kwa ajili ya mbwa. Mkononi ana fimbo ya kufunulia vifuniko vya mita, kwa ajili ya nyoka, na penseli ameichomeka chini ya kilemba. Ni dada wa baba yangu, na ndiye aliyetulea mimi na wadogo zangu wawili baada ya wazazi wetu kufariki ndani ya mwaka mmoja. Wachumba walikuwa wanakuja. Wakikaa kidogo wanahesabu vichwa vyetu, wanakumbuka kwamba wana safari.

Watu wa kwetu anawajua kwa maji yao. Alijua mume wa namba tisini na nne amehama miezi miwili kabla mkewe hajamwambia mtu, kwa sababu maji yalipungua nusu. Alijua mwalimu wa namba hamsini amefukuzwa kazi na bado anajifanya anapanda treni, kwa sababu choo chake kilianza kutumika saa nne asubuhi. Hakumwambia mtu. Hayo nimeyajua mimi baada ya wenyewe kuyasema.

Sasa nije kwenye namna yake ya kufanya kazi, maana ndiyo iliyotuletea balaa. Alipoanza, karani wa ofisi ya maji alimpa daftari na kumwambia: anza namba moja, maliza namba ya mwisho, usiruke hata moja. Shangazi akaanza namba moja, akashuka bonde, akavuka daraja la mbao, akapanda kwa namba mbili, akashuka kwa namba tatu, akavuka tena kwenda namba nne. Na namba nne ukinyoosha mkono juu ya ukuta unaigusa mita ya mia moja themanini na saba. Hakunyoosha. Alishuka zake kwenda namba tano, na ile nyingine aliirudia siku ya kumi na moja. Mzunguko mzima ulimchukua siku kumi na mbili za kila mwezi, kwa miaka ishirini na sita, naye alikuwa kibarua, analipwa siku alizotembea.

Treni nzima ilikuwa inamcheka. Na wa kwanza kucheka, Mungu anisamehe, nilikuwa mimi. Nilikuwa nasimama katikati ya behewa naigiza: shangazi anasoma namba nne, anatazama mita ya jirani iliyo chini ya pua yake, anakohoa, anakaza kilemba, anageuka na kuondoka. Watu walivunjika mbavu. Nami nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani, lakini ukishakuwa na kichekesho kinachofaulu kila asubuhi ni vigumu kukiacha.

Mwaka jana ofisi ya maji ikaleta barua. Vibarua wote wa kusoma mita watakaguliwa kazini. Watakaofaa wataajiriwa rasmi, kwa mshahara wa mwezi, na uzeeni watapata kiinua mgongo. Wasiofaa watapumzishwa. Shangazi ana miaka hamsini na sita na magoti yameanza kulia. Akipumzishwa anaondoka mikono mitupu, na hakuna atakayempa kazi nyingine. Aliikunja barua mara nne akasema tutaona.

Mimi nilikosa usingizi. Nilijua mkaguzi akiona ule mzunguko wa kichaa, shangazi yangu amekwisha. Nikaomba ruhusa kazini kwa kusema shangazi ni mgonjwa hoi, na nilipomwambia alikasirika.

"Ungeumwa mwenyewe," akasema. "Mimi nina kazi."

Mkaguzi alikuja kwa treni ya saa moja, akashuka peke yake. Alikuwa kijana mpole, ana kishikwambi chenye ramani na viatu vya ofisini vinavyong'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivyo viatu vina wenzao?"

"Havina, mama."

"Haya, twende taratibu."

Kijana akamwomba afanye kazi kama siku zote, asibadili chochote. Shangazi hakubadili. Tukasoma namba moja, tukashuka, tukavuka daraja, tukapanda kwa namba mbili, tukashuka kwa namba tatu, tukavuka kwenda namba nne. Mara ya nne tulipokuwa darajani kijana alisimama.

"Mama, tumesahau kitu?"

"Hapana, mwanangu. Tunakwenda namba sita."

"Si tulipita kwenye geti lake sasa hivi?"

"Tulipita. Lakini zamu ya namba tano ilikuwa bado."

Kijana akanitazama. Mimi nikatazama kijito. Kufikia saa sita mchana tulikuwa tumesoma nyumba tisa, na kiatu chake cha kulia kilikuwa kimeachama. Akaketi kwenye daraja, akakitoa kishikwambi, akachorachora kwa kidole muda mrefu. Kisha akamwita shangazi akae karibu yake, na akasema kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba:

"Mama, mstari huu mwekundu ndio njia yako. Huu wa bluu ni mtu akipita nyumba kwa nyumba kama zilivyopakana. Kwa bluu, zote mia mbili na kumi na mbili ni siku moja na nusu."

Shangazi akavaa miwani. Akainama juu ya kioo, akaufuata mstari kwa ncha ya penseli. Mwishowe akasema, "Kumbe."

"Ndiyo, mama."

"Na huu mwekundu wote ni mimi?"

"Ni wewe."

"Mbona kama uzi aliouchezea paka."

Kijana hakucheka. Alikuwa amemwonea huruma kweli, na hiyo ndiyo iliyonikera. Akamuuliza polepole, "Miaka ishirini na sita, mama, hukuwahi kuona kwamba namba nne na mia themanini na saba zimepakana?"

Shangazi akatazama chini, akachezea fimbo yake. "Niliambiwa nisiruke, mwanangu."

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Kumcheka shangazi ni haki yetu sisi tuliokula chakula chake. Kuhurumiwa na mtu aliyekuja leo, hapana. Nikamwambia, "Bwana, usimwone hivi. Huyu mama si mjinga hata kidogo. Kila uchochoro wa hapa anaujua. Mwaka ule mnyama alipofia ndani ya tangi, aligonga milango yote ya vilima vyote viwili asubuhi moja, peke yake, kabla mtu hajanywa maji, na njia aliyopita ilikuwa hiyo hiyo ya blu..."

Buti la mpira likanitua kwenye vidole vya mguu, na mwenye buti akalielemea.

"Mwanangu huyu ana mapenzi mengi," shangazi akamwambia kijana, bila kupepesa macho. "Akianza kunisifu anatia chumvi. Siku ile tulikuwa watu ishirini."

Hawakuwa ishirini. Nilikuwepo, nilimwona akitoka peke yake. Nikafungua mdomo, buti likazidi kuelemea, nami nikaufyata. Sikuelewa kitu, lakini maumivu yalinitosha.

Kijana akaandika. Akiwa mtu wa haki akamsomea alichoandika: msomaji ni mwaminifu kupita kiasi, hufuata maagizo neno kwa neno, katika miaka ishirini na sita hana kosa hata moja la usomaji, kosa ni la ofisi iliyompa daftari na kusahau kumfundisha. Aajiriwe, na afundishwe njia mpya.

"Kuanzia mwezi ujao utalipwa kwa mwezi, mama," akasema. "Si kwa siku tena. Hata ukimaliza kwa siku mbili mshahara ni ule ule. Kesho nitarudi tupite wote, uizoee njia."

"Utakuwa mvumilivu lakini?" shangazi akamuuliza. "Mimi kichwa changu kizito."

"Nitakuwa mvumilivu, mama."

Tukamsindikiza stesheni, tukasubiri naye treni ya jioni. Treni ilipoondoka tukarudi, yeye mbele, mimi nachechemea nyuma. Furaha ya ile ajira sikuisikia hata chembe. Nilikuwa nimefura.

"Shangazi, umenivunja kidole."

"Kitapona."

"Umekaa pale umejitia hamnazo, unamwacha mtoto wa juzi akuone mjinga. Kwa nini?"

Aliendelea kutembea mpaka tulipofika darajani. Hapo akasimama apumzishe magoti.

"Mjinga wanamfundisha," akasema. "Angeniona nina akili angeniuliza zile siku kumi na nusu za kila mwezi nilikuwa nazitafuta za nini."

Nikamtazama.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu mwezi wa pili. Mwezi wa kwanza nilifuata daftari kama nilivyoambiwa. Wa pili nikafumbua macho, nikapita nyumba kwa nyumba, kesho yake mchana nimemaliza. Nikaenda ofisini nakimbia, natarajia kusifiwa. Karani akanilipa siku yangu moja na nusu." Akaegemea fimbo. "Baba yenu alikuwa na wiki tatu kaburini, mama yenu naye ametangulia. Nyumbani kuna vichwa vitatu. Siku moja na nusu ilikuwa inanunua unga na chumvi. Siku kumi na mbili zilikuwa zinawapeleka shule. Basi mwezi wa tatu nikalirudia daftari."



"Sikuiba," akaongeza, sasa kwa ukali kidogo, kana kwamba nilikuwa nimemshitaki. "Kila hatua niliyolipwa nimeitembea. Waje waihesabu."

Mimi ni fundi wa maabara hospitalini. Kutwa nzima nimeinamia hadubini, naona vijidudu ambavyo mwingine haambiwi akaamini. Mdogo wangu wa kike ni mkunga, wa mwisho ni mwalimu. Vyeti vyetu vitatu vimetokana na mwanamke huyu kupanda na kushuka bonde hili bila sababu yoyote ila sisi, na miaka yote hiyo mimi nilikuwa nimesimama katikati ya behewa nachekesha watu.

"Shangazi, ulikuwa unasikia tunavyokucheka?"

"Si mke wa mlinzi, yule mnayepanda naye treni, alikuja kuniigizia. Akasema wewe ndiye fundi." Akafikiri kidogo. "Yale makalio uliyazidisha."

Nikakaa chini pale darajani, mtu mzima, nikalia kwa sauti. Aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia tena, na shukrani iliyokuja nyuma yake sikujua niipeleke wapi. Shangazi alinisubiri nimalize. Kisha akanigusa begani kwa fimbo yake, akasema niinuke twende, jioni inaingia, na yeye anataka alale mapema, maana kesho kijana wa watu anakuja kumfundisha njia na lazima apotee vizuri.