Ndege Iliyopuliza Mikorosho

Bwanali Chikambo husema mwenyewe, tena bila kuulizwa, kwamba ujinga ameshaufanya kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa jenereta ya msikiti, lakini ule mkubwa kuliko yote aliufanya kwa injini ya ndege. Akishasema hivyo hucheka kwanza yeye. Anajua asipocheka yeye watacheka wenzake, na wenzake wa Magomeni, mtaa wake wa huku kusini, hawana huruma.

Kabla ya mambo ya ndege alikuwa fundi wa mashine za salfa, zile ambazo mkulima hubeba mgongoni msimu wa kupuliza mikorosho ili maua yasiliwe na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Msimu mmoja Mama Lucinda alimletea mashine iliyokufa kabisa, naye akaifufua palepale, mama amesimama anatazama. Mama akamwuliza kama angeweza kuja shambani kwake, njia ya Madimba, awe anamwoshea ndege. Alisema kuosha. Bwanali akasikia kutengeneza, na jioni hiyohiyo mtaa mzima ukajua kwamba yeye sasa ni fundi wa ndege.

Ndege yenyewe ni ya viti vinne, mabawa juu, kuukuu kiasi kwamba Bwanali huiamkia kwa utani kila asubuhi akifungua banda. Mama Lucinda, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji yeye akiwa mgongoni, alirusha ndege za watu miaka mingi kutoka Dar es Salaam. Wenzake walipostaafu walijenga nyumba za kupangisha. Yeye alirudi kusini na ndege kongwe, akasafisha kiwanja cha changarawe katikati ya shamba lake, na kazi yake ikawa kuruka asubuhi, kuufuata mto mpaka unapomwaga matope kwenye mikoko, kugeuka na kurudi kunywa chai. Hakuwa na safari nyingine. Akikaa wiki moja bila kuruka huwa mkali hata kwa kuku.

Matengenezo halisi yalikuwa ya Injinia Anna, mwenye leseni, aliyekuja kutoka Dar kwa ukaguzi. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine Bwanali alipewa kazi zake: kukinga mafuta kidogo chini ya tangi aone kama yana maji, kupima oili, kutazama matairi, na mama akisafiri, kuwasha injini kila wiki isipate kutu. Kazi hizo alizifanya kwa madaha ya waziri. Alikataza viatu vya matope ndani ya banda. Alikataza baiskeli kuegeshwa karibu na bawa. Mkewe, Hawa, aliwahi kufukuzwa bandani kwa kosa la kuingia na muwa.

Basi ikafika Juni. Mama Lucinda akavuka kwenda kwa dada yake ng'ambo ya Ruvuma, na mikorosho ikaanza kuchanua, pamoja na ile michache ya Bwanali aliyopewa na mama ailime pembeni ya kiwanja. Mashine yake ya salfa, ya fundi huyo mashuhuri wa mashine za salfa, ilikuwa imevunjika tangu mwaka jana, na hakuwa ameigusa kwa sababu siku hizi yeye ni mtu wa ndege. Alipokwenda kuazima, kila mtu alikuwa shambani na ya kwake mgongoni.

Asubuhi ya kuwasha injini alikaa kwenye kiti cha rubani, pangaboi likizunguka, akageuka kutazama nyuma. Nyasi zote zilikuwa zimelala chini kwa upepo. Nyuma ya nyasi ilisimama mikorosho yake, majani yakiwa bado na umande, na umande ndio salfa inaupenda. Bwanali akazima injini, akaenda kumwita mkewe.

"Mama Riziki, chukua bakuli na ule mfuko wa salfa."

"Umepata mashine?"

"Ninayo kubwa."

Hawa alitazama alikoelekeza kidole, akaitazama mikorosho, kisha akamtazama mumewe. "Baba Riziki, hiyo ndege ya watu."

"Upepo wake unapotea bure kila wiki. Leo tunautumia kidogo tu."

Aliweka mawe mbele ya magurudumu, akaufunga mkia kwa kamba kwenye kisiki, mkia ukielekea mikorosho. Alimpanga Hawa pembeni, mbali na pangaboi, amwage salfa kidogo kidogo kwenye upepo unaopita. Akapanda, akapiga resi. Na kwa kitambo kidogo, wallahi, ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Wingu la njano lilikwenda moja kwa moja likaingia kwenye mikorosho, tawi kwa tawi, mpaka vilele ambavyo mashine ya mgongoni haivifikii. Bwanali akaanza kuiona picha yake ukutani kwenye ofisi ya chama cha ushirika.

Kisha upepo wa kusi ukajigeuza. Wingu lote likasita na kurudi lilikotoka. Likammeza Hawa, likaifunika ndege, likaingia dirishani. Mtu mwenye akili angezima injini. Bwanali aliongeza resi, kwa hesabu kwamba atalifukuza wingu kwa nguvu, na injini, ambayo nayo inapumua kama sisi, ikalivuta puani kwa pumzi ndefu.

Alipozima, Hawa alikuwa wa njano toka utosini hadi nyayoni, kama bibi harusi aliyetoka kusingwa, isipokuwa macho. Macho hayakuwa ya harusi. Aliliweka bakuli chini polepole, akaondoka.

Bwanali aliiosha ndege siku hiyo kwa sabuni na mpira wa maji, akairudia na kuirudia, na puani alipiga maji mengi zaidi kwa sababu ndiko kulikokuwa na njano nyingi. Chujio la hewa, lile linalokaa puani kuzuia vumbi lisiingie kwenye injini, hakulifungua. Lilikuwa jipya, Injinia Anna alilibadilisha juzijuzi, na kitu kipya, alijiambia, hakifunguliwi ovyo. Ndege ikang'aa. Mama Lucinda aliporudi aliizunguka kote akitabasamu, akasema, "Fundi, hii hujawahi kuiosha namna hii." Naye, mtu mzima hovyo, akaipokea sifa.

Kesho yake mama akawasha, akaenda mwanzo wa kiwanja, akasukuma nguvu zote. Ndege ikakimbia. Bwanali, amesimama bandani, alisikia kwamba sauti ni nzito, haifiki juu inapofikaga, na nyuma yake moshi mweusi. Ilikimbia, ikakimbia, haikunyanyuka. Mama akakata nguvu, akafunga breki, ikasimama pua ikiwa ndani ya mihogo.

Alikaa humo muda kabla ya kushuka. Aliposhuka hakumgombeza mtu. Alisema tu, "Nimechelewa kukata. Zamani nisingechelewa."

Waliisukuma hadi bandani, wakampigia Injinia Anna, naye akawaelekeza wafungue plagi. Plagi zilitoka nyeusi tii kwa masizi. Anna akasema kwenye simu kwamba mafuta yanazidi hewa, ndiyo maana haipati nguvu. Mama Lucinda aliishika plagi moja, akaigeuza geuza kwenye mwanga.

"Ni mkono wangu," akasema. "Kipo kishikio cha kupunguza mafuta. Nimekiweka vibaya wala sikumbuki."

Bwanali aliitazama sakafu. Hapo ndipo alipotakiwa kusema, na alijua ndipo. Alisema, "Nitazisafisha, Mama."

Alizisafisha. Wakawasha, sauti ileile. Akamwaga mafuta, akachunguza maji, hakuna. Akakaza nyaya zilizokwisha kazwa. Alifungua na kufunga kila kitu ambacho hakikuwa chujio la hewa. Injinia Anna aliuliza waziwazi, "Chujio umelitazama?" naye akajibu, "Ni lile jipya, Injinia," jibu ambalo kila neno lake ni kweli. Hadi leo akilisimulia jibu hilo hujipiga kofi la paji la uso, maana anasema hata wanasiasa wangemwomba awafundishe.

Wakati huo mama alikuwa anazimika polepole. Wapwa zake wa mtaa wa Ufukoni walikuwa wamemwambia siku nyingi kwamba kuruka si kazi ya mtu wa umri wake, naye alikuwa akiwafukuza na ufagio. Sasa aliwapigia mwenyewe kusema wana haki. Akampigia na bwana mmoja wa Dar aliyewahi kuitaka ndege, akamwambia aje Ijumaa aichukue, na leseni yake ya urubani ataiacha iishe muda. Aliyasema hayo amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa banda, mikono ameiweka magotini kama vitu vya mtu mwingine anavyomtunzia.

"Nangu basi tena, Bwanali," akasema kwa Kimakonde chake, yaani yeye ndiyo basi tena, kisha akaingia ndani.

Alhamisi asubuhi Bwanali alichukua bisibisi, akalifungua chujio. Halikuwa chujio tena. Salfa na maji ya sabuni vilikuwa vimeshikana vikawa kitu kama plasta ya ukuta, na Bwanali alipoligonga halikumwaga hata vumbi. Alikaa kitako pale sakafuni, akiwa nalo mapajani.

Njia ya kutoka aliiona, wala haikuwa ngumu. Angelisafisha kwa siri, ndege ingenguruma, angesema plagi zimekubali. Hakuna ambaye angejua, ila Hawa, na Hawa alikuwa hasemi naye. Lakini mtu wa ndege, hata wa kuosha, anajua plagi hazijipaki masizi zenyewe. Zikiwa zimekubali, basi aliyezichafua ni rubani. Mama angeuza vilevile. Angekwenda kaburini akiamini kwamba mkono wake ulimsaliti, na huo mkono haukuwa na kosa lolote.

Akanyanyuka, akaenda nalo barazani. Mama alikuwa anamenya muhogo. Aliliweka chujio juu ya meza, karibu na sinia.

"Si mkono wako, Mama. Ni mimi." Akaeleza yote: mashine mbovu, umande, bakuli, kamba kwenye kisiki, kusi. Alijaribu kuyaeleza kwa namna ya kuchekesha, kwa mazoea, akafika kwenye Hawa wa njano akaona mama hacheki, akamalizia kwa sauti ndogo.

"Epa," mama akashangaa kwa namna ya watu wa ng'ambo. Alilikwaruza chujio kwa kisu, akatazama unga wa njano uliobaki kwenye ncha. "Salfa inashika moto, Bwanali. Ungeungua na mkeo, watoto wenu wakabaki yatima."

"Ningeungua, Mama."

Mama aliinuka, akaingia ndani, akarudi na simu. Akabonyeza jina la yule bwana wa Dar, akaweka sauti ya nje, akamkabidhi. "Mweleze wewe kwa nini siuzi."

Hapo barazani walikuwepo wavuna mihogo waliokuja kunywa maji, na Hawa mwenyewe alikuwa amefika kuleta mboga. Bwanali alieleza. Kila alipojaribu kuruka kipande, mama alimwonyesha kwa kisu arudi. Upande wa pili bwana yule akacheka mpaka akakohoa, akamwita mtu mwingine aje asikie, akaomba lile la kuongeza resi lirudiwe. Mwisho akauliza kama korosho zimeshika. Bwanali akajibu kwamba zimeshika upande mmoja. Wavuna mihogo walikuwa wameshakaa chini. Hawa alijifunika mdomo na ncha ya kanga, na Bwanali alipomtazama alijua kwamba nyumbani leo atapewa chakula.

Injinia Anna alikuja mwenyewe na chujio jipya. Alifungua pua yote, akachunguza silinda moja moja, akasema wamepata bahati wasiyostahili. Hakuongeza neno kwa Bwanali, ila kila alipotaka spana alimwita "Bwana Shamba." Alipotia saini kwamba ndege ni nzima, Mama Lucinda alivaa miwani yake, akapanda peke yake.

Sauti ilipanda hadi mahali pake. Ndege ilikimbia nusu ya kiwanja tu, ikanyanyuka juu ya mihogo, juu ya mikorosho, ikalalia bawa kuelekea mtoni. Bwanali alikuwa amejiandalia neno la mzaha la kuwaambia waliokuwepo. Halikutoka. Akabaki ameshika kitambaa chake mpaka mlio ukapotea.

Mama aliporudi alizima, akashuka, akaja moja kwa moja alipo. Uso ulikuwa wa mtu aliyelala usingizi mzuri, lakini hakutabasamu.

"Ya salfa nimekusamehe," akasema. "Ni ujinga, na ujinga hata mimi ninao. Lakini siku ile nimeshika plagi, nikasema ni mkono wangu, ulinisikia?"

"Nilikusikia, Mama."

"Ukanyamaza."

Bwanali, ambaye kwa kila jambo lake hupata namna ya kujicheka kabla ya wenzake, alitafuta na hapo, hakupata.

"Nilinyamaza," akasema.

Mama Lucinda akavua miwani, akaifuta kwa kitenge chake, akamwambia ajaze mafuta, kesho ataruka tena.